Barua ya wazi kwa Kamati ya Bajeti na Waziri wa Fedha: Jadilini matumizi kabla ya ushuru

Kwa Mwenyekiti na wanachama wa Kamati ya Bajeti ya Bunge la Kitaifa la Kenya, na kwa Waziri wa Fedha, Mheshimiwa John Mbadi.

Waheshimiwa,

Naandika barua hii kabla makadirio ya mwaka wa fedha wa 2026/27 hayajapitishwa, kwa sababu barua ya namna hii ikiandikwa Julai huwa haina kazi tena ila kulalamika. Mimi ni mhasibu. Nilifanya kazi serikalini hadi nikastaafu, na siku hizi natunza vitabu vya hesabu vya mafundi na wafanyabiashara wadogo wa Kariobangi na Kamukunji. Katika masuala ya fedha za umma mimi ni mhafidhina, na silifichi jambo hilo hata katika mji huu ambamo mtu wa msimamo kama wangu hudhaniwa kuwa hajali wanyonge. Naamini kwamba serikali haina fedha zake yenyewe, kwamba kila shilingi inayotumia imetoka au itatoka mfukoni mwa mtu, na kwa hiyo anayetaka kuitumia ndiye mwenye wajibu wa kujieleza, si yule aliyeichuma.

Ombi langu kwenu linahusu mahali tunapopigania bajeti yetu. Kila Juni nchi nzima hubishana kuhusu Mswada wa Fedha, yaani kuhusu ushuru, ilhali uamuzi wa kiasi kitakachotumika huwa umepita kimyakimya bila umati, bila kamera na bila wabunge kutafutwa kwa simu na wapigakura wao. Ushuru hauzaliwi peke yake. Ukishakubali kutumia, umeshakubali kutoza au kukopa, na mjadala wowote unaofuata ni wa kuchagua nani atakayeumia.

Hakuna mwaka uliotuonyesha jambo hili waziwazi kama 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulikusudia kukusanya shilingi bilioni 346 zaidi, na mapendekezo yake ya awali yalitaka mkate utozwe VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 na mwenye gari alipe asilimia 2.5 ya thamani ya gari lake kila mwaka. Baadhi ya mapendekezo hayo yaliondolewa kabla ya kura, lakini hasira ilikuwa imeshajaa. Juni 25 vijana waliingia katika majengo ya Bunge, risasi zikapigwa, watu wakafa hapa katikati ya jiji. Kesho yake Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi mswada ule. Halafu, Julai 5, tukaambiwa jinsi pengo lile la bilioni 346 litakavyozibwa: bilioni 177 zitakatwa kwenye matumizi na bilioni 169 zitakopwa.

Naomba mzitazame tarakimu hizo mbili kwa utulivu. Kama bilioni 177, zaidi ya nusu ya fedha zote zilizokuwa zikitafutwa, ziliweza kuonekana na kukatwa katika siku zisizofika kumi, basi zilikuwepo pia Mei, wakati kamati zenu zilipokuwa zikipitia makadirio kifungu kwa kifungu. Hazikuonekana kwa sababu hakuna aliyelazimika kuzitafuta. Mimi, niliyekaa miaka mingi upande wa pili wa meza hiyo, najua kwamba ofisa anayeandaa makadirio huanza na tarakimu za mwaka uliopita na kuongeza juu yake. Swali analoulizwa ni kwa nini nyongeza yake ni kubwa kuliko ya jirani. Ni nadra sana aulizwe kwa nini kifungu chenyewe kipo. Safari, mafunzo, ukarabati wa ofisi, ukarimu wa wageni: hivi ni vifungu vinavyoishi miaka mingi kuliko maofisa walioviandika.

Siku ile ya Julai 5 tuliahidiwa pia kwamba mashirika 47 ya serikali yenye majukumu yanayoingiliana yatavunjwa, kwamba washauri wa serikali watapunguzwa kwa nusu, na kwamba magari mapya hayatanunuliwa kwa miezi kumi na miwili isipokuwa ya vyombo vya usalama. Nilifurahi, na bado nasema zilikuwa ahadi nzuri. Ila sijaona jedwali moja la serikali linaloeleza ni shirika gani lilifungwa, lini, na ni shilingi ngapi zilizorudi katika Hazina Kuu. Kaunti hazikupewa nafasi ya kusubiri jedwali: mgao wao ulishushwa kutoka takriban bilioni 400 hadi bilioni 387 mwaka ule ule.

Kisha kuna makadirio ya ziada. Katika mwaka wa fedha wa 2024/25 bajeti ilirekebishwa mara tatu. Marekebisho ya kwanza yalieleweka, kwani mswada wa ushuru ulikuwa umeanguka. Lakini nchi inayoibadilisha bajeti yake mara tatu katika mwaka mmoja haina bajeti, ina rasimu. Kifungu cha 223 cha Katiba kinairuhusu serikali kutumia fedha kabla Bunge halijaidhinisha, kwa kiwango kisichozidi asilimia 10 ya jumla iliyoidhinishwa na Bunge mwaka huo, pale tu ambapo haja haikutarajiwa au fedha zilizotengwa hazikutosha, na Bunge liombwe idhini katika muda wa miezi miwili tangu shilingi ya kwanza ilipotolewa. Waandishi wa Katiba walikuwa wakifikiria mafuriko, nzige na ukame. Sisi tumeufanya mlango huo kuwa njia ya kila siku. Ofisi iliyokatwa fedha Juni mbele ya wananchi hurudishiwa mwaka ukiwa katikati, na wabunge hupiga kura jioni ukumbi ukiwa na viti vingi visivyo na watu.

Ninyi wanakamati mna uwezo kuliko mnavyojisemea. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 39, inasema kwamba mbunge anayetaka kuongeza fedha mahali fulani lazima apunguze mahali pengine kiasi hicho hicho, na kwamba mkipunguza matumizi bila kuongeza kwingine, kilichookolewa kiende kupunguza nakisi, yaani pengo kati ya matumizi na mapato. Hiyo ni sheria nzuri sana ya kihafidhina ambayo hatukuiombea mtu ruhusa kuiandika. Ni mara ngapi mmekata kifungu na kukiacha kikiwa kimekatwa? Kwa ninavyofuatilia mijadala yenu, kinachokatwa hapa huhamishiwa pale, jumla inabaki ilivyokuja, na mara nyingi ni kubwa zaidi. Mwaka 2025 makadirio yalipokuja bila hata senti ya mitihani ya kitaifa, mliirudisha baada ya wazazi na walimu kupiga kelele, na mkapongezwa. Mhasibu yeyote serikalini anaujua mchezo huo: jambo lisiloweza kukosekana linaachwa nje, ili wengine walitafutie nafasi, na yale yanayoweza kukosekana yabaki salama ndani.

Najua wapo, hata miongoni mwa wahafidhina wenzangu, wanaotamani tuige vita vya bajeti vya Marekani, ambako upande mmoja unaweza kuzuia fedha hadi ofisi za serikali zifungwe. Mwaka 2025 zilifungwa kwa siku 43, kuanzia Oktoba 1 hadi Novemba 12, muda mrefu kuliko mara zote zilizotangulia, kwa sababu ya ugomvi kuhusu ruzuku za bima ya afya, na watumishi wengi wa umma wakakaa bila mishahara. Lakini Julai 4 ya mwaka huo huo, chama kile kile kinachojinadi kuwa cha kubana matumizi kilikuwa kimeweka sheria ambayo Ofisi ya Bajeti ya Bunge lao ilikadiria kwamba itaongeza nakisi kwa dola trilioni 3.4 katika miaka kumi, na kufikia Oktoba deni la nchi hiyo lilikuwa limepita dola trilioni 38. Kelele nyingi, akiba hakuna. Sisi hatuhitaji mchezo huo, kwa sababu Katiba yetu imeshatuondolea sababu yake: kifungu cha 222 kinaliruhusu Bunge la Kitaifa kuidhinisha hadi nusu ya makadirio ikiwa mwaka mpya wa fedha umeanza bila sheria ya matumizi kukamilika. Maana yake ni kwamba mkiyakataa makadirio yasiyo na mpango, hakuna hospitali itakayofungwa Julai 1 wala mwalimu atakayekosa mshahara. Hofu mnayotiwa kila mwisho wa Juni, kwamba mkichelewa nchi itasimama, haina msingi katika sheria.

Sasa niingie kwenye deni, ambako ndiko matumizi yasiyoulizwa huishia. Kufikia katikati ya mwaka 2013 deni la umma lilikuwa karibu shilingi trilioni 1.9. Mwaka 2025 lilikuwa limepita trilioni 11. Kila kikomo kilipotukaribia tulikisogeza: trilioni 9 mwaka 2019, trilioni 10 mwaka 2022, na mwaka 2023 tarakimu ikaachwa, tukahamia asilimia 55 ya pato la taifa huku tukijipa hadi 2028 kuifikia. Ni sawa na mtu anayenenepa na kupeleka suruali yake kwa fundi kila mwaka. Mkopo wa bondi ya kimataifa ya mwaka 2014 wa dola bilioni 2 tuliuchukua kwa riba ya asilimia 6.875; Februari 2024, ili kuulipa, tulichukua mwingine wa dola bilioni 1.5 kwa asilimia 9.75. Sheria ile ile ya 2012, kifungu cha 15, inasema kwamba katika kipindi cha kati mikopo itumike kwa maendeleo peke yake, si kwa matumizi ya kawaida. Katika bajeti ya 2025/26, iliyofikia takriban trilioni 4.29, riba peke yake ilitengewa karibu trilioni 1.1, hali kaunti zote 47 kwa pamoja ziligawiwa bilioni 415, tena baada ya Bunge la Kitaifa kushikilia bilioni 405 na Seneti kudai bilioni 465. Wawakilishi wetu waligombana wiki kadhaa kwa ajili ya tofauti ya bilioni 60, na hakuna aliyegombana hata siku moja kuhusu riba iliyo zaidi ya mara mbili ya fungu lote la kaunti.

Haya yote yanaweza kuonekana kama mambo ya wakubwa, kwa hiyo nitawaonyesha yanavyofika Kariobangi. Mmoja wa wateja wangu ni fundi wa vyuma, mwenye vijana sita wa kazi. Alipata zabuni ya kutengeneza vitanda vya chuma kwa taasisi moja ya umma ambayo sitaitaja, akapewa ile hati ya ununuzi ambayo mtaani kila mtu huiita LPO, akaenda nayo kwa muuza vyuma na kwa mkopeshaji. Vitanda vilifika, vikahesabiwa, vikatiwa sahihi. Fedha hazikuja. Lakini kwa kuwa alikuwa ametoa ankara, VAT ya ankara ile ilidaiwa kufikia tarehe 20 ya mwezi uliofuata, kwani sheria inaangalia siku bidhaa ilipotoka au ankara ilipoandikwa, haiangalii kama mnunuzi amelipa. Akalazimika kukopa tena ili kuilipa serikali ushuru wa fedha ambazo serikali yenyewe haijamlipa. Faini na riba za kuchelewa zikaanza kuhesabika upande wake. Upande wa mdeni wake hakuna kinachohesabika. Mwaka wa pili ulipoanza aliwaachisha kazi vijana wawili. Madai ya aina hii, serikali kuu na kaunti, yanahesabiwa kwa mamia ya mabilioni, na mengi yake ni ya watu wa kiasi chake.

Alipokwenda benki kuomba mkopo wa kawaida wa kujiokoa, aliambiwa alete hati ya shamba. Simlaumu meneja wa benki. Februari 2024 serikali iliuza bondi ya miundombinu kwa riba ya asilimia 18.46, na mapato ya bondi za aina hiyo hayatozwi kodi. Meneja mwenye akili timamu atamkopesha nani: fundi wa Kariobangi mwenye mashine mbili za kuchomelea, au Jamhuri ya Kenya inayotoa asilimia 18 bila kodi? Riba zimeshuka tangu wakati ule, na nashukuru. Lakini mshindani wa fundi yule dirishani pa benki ni yule yule bado, na mshindani huyo hachoki kukopa.

Mtaniuliza: je, wanafunzi na wagonjwa? Hili ndilo pingamizi ninalolipa uzito, kwa maana ni kweli kwamba kisu cha kukata matumizi kikishikwa ovyo humwangukia asiye na mtu wa kumtetea. Lakini tazameni kilichotokea bila mhafidhina yeyote kushika kisu. Julai 2025, wewe mwenyewe Mheshimiwa Waziri uliiambia kamati ya elimu ya Bunge kwamba serikali haimudu tena shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari, na kwamba kinachopatikana ni kama shilingi 16,900. Hayo ni makato, tena makubwa, yaliyomfikia mwanafunzi bila kupigiwa kura, bila kujadiliwa, na bila kutangazwa kabla shule hazijaanza kudaiwa na wauza unga na maharagwe. Riba hulipwa kwanza kwa mujibu wa sheria. Mwanafunzi hulipwa kwa kinachobaki. Anayetetea nakisi kwa jina la mwanafunzi anapaswa kueleza kwa nini, baada ya nakisi zote hizi, mwanafunzi ndiye wa mwisho kwenye foleni.

Wewe, Mheshimiwa Waziri, uliwahi kuongoza upande wa wachache Bungeni na ulikuwa mkali kwa mawaziri wa wakati ule kuhusu mambo haya haya. Nilikusikiliza nikakubaliana nawe zaidi ya mara moja. Natumaini kwamba kuhamia jengo la Hazina kwenye barabara ya Harambee hakukubadilishi hesabu, maana hesabu yenyewe haijabadilika.

Naongeza neno kuhusu NG-CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, kwa ufupi, kwa kuwa najua ni kidonda. Mbunge anayepanga bajeti ya nchi, akatengewa fungu la kujenga madarasa katika eneo lake, kisha akaketi kwenye kamati inayokagua jinsi fedha za umma zilivyotumika, hawezi kuwa mkali kwa Hazina, kwa maana Hazina ndiyo inayoamua fungu lake litoke Septemba au Machi. Mahakama ya Juu iliitupa sheria ya mfuko huo ya mwaka 2013 mnamo Agosti 8, 2022, kwa sababu ya kuvuruga mgawanyo wa madaraka. Madarasa yale ni mazuri, nimeyaona. Lakini hayawezi kuwa bei ya kunyamaza.

Kinachonitia wasiwasi zaidi mwaka huu ni kalenda. Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027, na mwaka wa fedha mnaouandaa sasa ndio utakaobeba kampeni. Wenye umri wangu wanakumbuka 1992: fedha zilivyomwagwa kabla ya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, noti ya shilingi 500 ikabandikwa jina la Jirongo, mwanasiasa wa kampeni zile, na mwaka uliofuata mfumuko wa bei ukafika karibu asilimia 46, huku riba ya hati za serikali za miezi mitatu ikipita asilimia 70. Waliokula fedha zile hawakuwa ndio waliolipa. Waliolipa walikuwa wenye mishahara midogo na akiba ndogo, nami nilikuwa karani mmoja wao. Kukopa harusi, kulipa matanga. Sheria zetu leo ni bora mno kuliko za wakati ule, Benki Kuu ina uhuru zaidi, na Msimamizi wa Bajeti yupo kwa mujibu wa Katiba. Lakini ulinzi wote huo hupitwa kirahisi na makadirio ya ziada ya Aprili 2027 yatakayopita kwa siku mbili.

Kwa hiyo naomba kamati iweke jumla ya matumizi kwanza, kwa kuangalia mapato yaliyokusanywa kweli mwaka uliopita na si yale yanayotarajiwa, na jumla hiyo ijadiliwe hadharani na kupigiwa kura ya majina kabla ya Mswada wa Fedha kufikishwa ukumbini. Naomba kila ombi la kutumia fedha chini ya kifungu cha 223 lichapishwe siku linapopelekwa kwa Msimamizi wa Bajeti, likiwa na maelezo ya kwa nini haja hiyo haikujulikana Juni, na mbunge atakayeliunga mkono ajulikane kwa jina. Naomba mradi mpya usianze katika wizara ambayo bado inadaiwa na waliofanya kazi ya zamani, na kwamba anayeidai serikali asidaiwe VAT ya ankara ambayo haijalipwa. Na naomba jedwali la yale mashirika 47.

Nakala ya barua hii nitaiwasilisha kwa Karani wa Bunge la Kitaifa wakati wa kutoa maoni ya umma, pamoja na ankara ya vitanda vile, jina la taasisi likiwa limefunikwa.

Ni mimi, kwa heshima,
Mhasibu na mlipa ushuru,
Kariobangi, Nairobi